Meneja Yuko Chumba cha Baridi

Maiti ya Meneja ilikutwa Jumanne asubuhi, imekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango kwa ndani. Wapakiaji walipovuta mlango wa chumba cha baridi ili watoe katoni za aiskrimu, iliwaangukia miguuni. Mmoja akapiga yowe. Mwingine, ambaye alikuwa na mwaka mzima kiwandani pale, akauliza, "Huyu nani?"

Hakuwa anafanya mzaha. Hakuwahi kumwona.

Inspekta alifika na Koplo wake kabla jua halijapanda. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuuliza swali lile lile mpaka aliyeulizwa achoke kudanganya. Daktari wa polisi alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya maiti.

"Baridi imemuua," alisema daktari. "Hana jeraha la kupigwa. Ila tazama mikono."

Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka vyote. Mtu huyu aligonga, na aligonga sana.

"Amekufa lini?"

"Humu ndani usiniulize saa, afande. Jana na juzi zote zinafanana."

Inspekta akaukagua mlango. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekatika, na kutu ilionyesha kwamba hakikukatika jana. Mlango ukishafungwa, aliye ndani hatoki mpaka aliye nje avute komeo. Meneja alikuwa amefungiwa. Ilibaki kujua ni saa ngapi, na nani.

Alianza na mlinzi wa getini.

"Jana Meneja alikuja kazini?"

"Alikuja, afande. Anakuja kila siku."

"Ulimwona?"

"Kumwona, sikumwona."

"Sasa ulijuaje amekuja?"

"Alikuwa chumba cha baridi, anakagua."

"Nani alikuambia?"

Mlinzi akakuna kichwa. "Ndivyo tunavyosema, afande."

Mhasibu naye alijibu hivyo hivyo. Dereva hivyo hivyo. Wapakiaji mmoja mmoja, macho chini: alikuwepo, alikuwa chumba cha baridi, anakagua. Koplo akaifunga kalamu yake kwa hasira.

"Hawa wamekaririshwa, afande."

Walikuwa wamekaririshwa kweli, lakini siku nyingi, na si kwa ajili ya polisi. Ukweli ni kwamba Meneja wa kiwanda kile alikuwa meneja wa mshahara tu. Alikuwa na biashara zake mjini, na kiwandani alipita kama mgeni, mara moja kwa miezi kadhaa. Mteja akimtaka, mkubwa kutoka makao makuu akipiga simu, mke wake akimwulizia, jibu lilikuwa moja: Meneja yuko chumba cha baridi, anakagua bidhaa. Simu ya mkononi haishiki mle, na hakuna mgeni mwenye akili timamu atakayesema basi nipelekeni huko huko nikamwone. Ulikuwa uongo mzuri, na kila mwajiriwa mpya alifundishwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata choo.

Mwalimu wa uongo huo alikuwa msimamizi wa kiwanda, mama mmoja mpana wa mabega ambaye wote walimwita Mama Funguo. Funguo zote zilining'inia kiunoni mwake. Yeye ndiye aliyepanga zamu, aliyepatanisha waliogombana, aliyebembeleza wateja. Kazi ya Meneja ilifanywa na yeye, na sifa zikaenda kwa Meneja.

Alimpokea Inspekta kwa machozi.

"Alikuwa kama ndugu yangu, afande. Nimemfichia aibu zake zote."

"Unamshuku nani?"

Mama Funguo akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sitaki kumsingizia mtoto wa watu."

"Sema tu, mama."

Akasema. Miezi michache nyuma, binti wa dada yake Mama Funguo, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi ya kupakia, alifungiwa ndani ya chumba kile kwa bahati mbaya. Kitasa kilikuwa kibovu, naye hakuweza kujifungulia. Walipomkumbuka, vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekwisha kufa. Vilikatwa hospitali. Fundi wa mitambo, kijana mchumba wa binti huyo, alisimama katikati ya kiwanda akasema watu wote wakisikia: "Siku moja nitamfungia Meneja humo humo, na yeye aonje!"

Jioni hiyo alama za vidole vya Fundi zilipatikana kwenye komeo la nje. Wakamtia pingu.

"Lazima vidole vyangu viwepo," alisema Fundi kituoni. Hakuonyesha hofu, ila uchovu. "Komeo hilo nililitia grisi jana asubuhi."

"Kisha ukaenda wapi?"

"Mama Funguo alinituma madukani nikatafute kitasa kipya. Nilizunguka mchana kutwa, sikukipata. Muulizeni."

"Tumemuuliza. Anasema hakukutuma popote."

Fundi akacheka. "Hajasema hivyo."

"Amesema hivyo."

"Basi hamkumwelewa, afande. Yule ni mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye anayenioza. Rudini mkamuulize vizuri. Atakuja mwenyewe kunitoa."

Inspekta alikuwa amesikia watuhumiwa wengi wakiapa kwa mama zao. Huyu hakuapa. Alimtegemea tu, na jambo hilo likamkaa Inspekta rohoni kama mwiba.

Mkuu wa Kituo hakuwa na mwiba wowote. "Alitishia mbele ya mashahidi, na vidole vyake vipo mlangoni. Kesho anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Unataka nini tena?"

"Nipe asubuhi ya kesho, afande."

"Asubuhi tu."

Asubuhi hiyo Inspekta aliitumia kwa mjane wa Meneja. Alimkuta sebuleni amezungukwa na ndugu, macho makavu.

"Pole kwa msiba, mama. Mumeo mara ya mwisho ulizungumza naye lini?"

"Jumatatu asubuhi. Aliniambia anakwenda kiwandani. Nikajua ananidanganya kama kawaida. Mchana nikapiga simu ofisini, nimnase."

"Nani alipokea?"

"Mama Funguo." Mjane akatabasamu kwa uchungu. "Yule mama! Miaka yote nikipiga, 'Yuko chumba cha baridi, mama, anakagua.' Nikawa namwambia, mwambieni avae soksi. Sasa Jumatatu ndipo niliposikia jibu jipya. Ameenda benki, ananiambia. Nikamwamini, maana halikuwa wimbo ule ule."

Inspekta akarudisha kikombe chake mezani.

"Alisema benki?"

"Benki. Kuna nini?"

"Rudia, mama. Alisema maneno gani hasa?"

"'Meneja ameenda benki.' Akakata simu."

Inspekta alishukuru, akatoka. Kwenye gari akamwambia Koplo warudi kiwandani.

Walimkuta Mama Funguo ndani ya ofisi ya Meneja, anapanga faili. Inspekta akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Simu ikilia, Meneja akiulizwa, mnajibu nini hapa?"

"Afande, hilo si umeshaambiwa?"

"Niambie wewe."

"Tunasema yuko chumba cha baridi."

"Nani aliwafundisha?"

"Mimi."

"Umewahi kujibu vingine?"

"Sijawahi. Nikibadilisha mimi, watachanganya wote."

"Jumatatu mchana mkewe alipiga. Ulimjibu nini?"

Funguo zikalia kiunoni, ingawa Mama Funguo alikuwa ameketi.

"Ulimjibu nini, mama?"

"Sikumbuki."

"Yeye anakumbuka. Ulisema ameenda benki. Miaka yote hakuwepo, ukasema yuko chumba cha baridi. Jumatatu ukaacha. Kwa nini?"

Nje wafanyakazi walikuwa wakiburuta katoni.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu alikuwamo," alisema Mama Funguo. Sauti yake haikutetemeka. "Mdomo ulikataa. Nilipokea ile simu, nikafungua mdomo niseme kama siku zote, nikashindwa. Benki ikatoka yenyewe."

Koplo akasogea mlangoni. Inspekta akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Anza mwanzo."

"Wakubwa wa makao makuu walikuwa wanakuja wiki hii kuuliza habari za mtoto wangu na vidole vyake. Ndiyo maana Jumatatu akaja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, anaopitia kila akija, wengine hata hawakumwona. Nikamwambia, bosi, safari hii tuseme kweli. Nilikuomba kitasa hiki mpaka nikachoka, na wewe hukuwepo. Akacheka, afande. Akacheka! 'Sikuwepo vipi? Waite wote uwaulize. Watasema nilikuwa chumba cha baridi, nakagua. Wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia wakubwa hivyo. Basi nilikagua, na kitasa kilikuwa kizima. Kikivunjika baadaye na msimamizi akanyamaza, hilo ni kosa la msimamizi.'"

Akazisukuma faili kando.

"Nilimlinda kwa mkewe, kwa wateja, kwa wakubwa. Siku mtoto wangu anakatwa vidole, bado nilisema Meneja yupo. Na yeye anachukua maneno yangu yale yale ananifunga nayo. Nikamwambia sawa, bosi, twende ukakione basi. Akatangulia. Hata koti hakuvaa."

"Ukavuta komeo."

"Kwa kitambaa, maana lilikuwa na grisi. Nilitaka agonge kidogo. Agonge kama alivyogonga mtoto wangu, halafu nifungue, niseme, umekiona? Wapakiaji walikuwa upande wa pili na mashine zao, hawasikii. Mimi nasikia. Kisha ile simu ikalia, mkewe, nikasema benki. Nilipoweka simu chini nikajua sitafungua."

"Na Fundi?"

Kwa mara ya kwanza akageuza uso.

"Nilimtuma asiwepo, ili niongee na bosi faraghani. Mlipokuja... Nilidhani mtakosa ushahidi, mtamwachia."

"Kitambaa hakikufuta alama za vidole vyake. Ulijua anapelekwa mahakamani leo?"

"Nilijua."

"Anakuita mama."

"Usiniambie, afande."

Inspekta hakumwambia zaidi. Alimtia pingu mwenyewe, na Koplo akamfungua zile funguo kiunoni, moja baada ya nyingine.

Walifika kituoni wakati askari wanampandisha Fundi kwenye gari la mahakamani. Mguu mmoja ulikuwa juu. Alipomwona Mama Funguo anashuka kutoka gari jingine, uso wake ukachanua, akawageukia askari.

"Si niliwaambia? Niliwaambia atakuja! Mama, waambie. Waambie ulinituma."

Mama Funguo alisimama pale pale uani, mikono imekunjwa tumboni chini ya kanga.

"Nilimtuma," alisema. "Mwachieni. Nilimtuma mimi."

"Mmesikia?" Fundi alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akaruka chini, akamkimbilia, akaishika mikono yake ili amshukuru, na kanga iliyofunika pingu ikaanguka.