Mume Wangu Alipewa Kifungo cha Nje, Nikamletea Askari

"Ni huyu!"

Nilinyoosha kidole! Askari akamdaka mume wangu shingoni, mbele ya Kibra nzima.

"Batul?" Nasir akaniita. "Ni wewe?"

Ngojeni, wajukuu zangu, msinitukane kwanza.

Mwaka wa hamsini, Nasir aliiba msumeno wa Mzee Osman, seremala wa mtaa wa Lindi, hapo hapo Kibra. Badala ya jela, hakimu akampa kifungo cha nje, mwaka mmoja. Akiteleza mara moja tu, jela miaka miwili!

Mwangalizi wake alikuwa Bwana Simeon, mtu wa serikali. Na kazi akapangiwa wapi? Jameni, kwa Mzee Osman yuleyule!

Watu wakacheka. "Fisi kapewa bucha!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Pale karakana ya mzee walikuwa watatu wenye kifungo hicho, na mmoja, Ishmael, alikuwa amerudia wizi, akafungwa.

Nikasema, anayefuata ni wangu.

Siku hiyo adhuhuri nikapeleka chakula. Kabla sijabisha, nikasikia sauti ya Nasir ndani…

"Nyumba nyeupe. Haina mlango, haina dirisha."

"Sasa tutaingiaje?" Huyo alikuwa Kihara wa Kawangware, mwenzake wa kifungo.

"Tunaivunja. Dhahabu iko ndani."

Dhahabu!!

Nyumba nyeupe si za Wazungu hizo? Huyu atazeekea jela! Nikaona heri ashikwe kabla hajavunja.

Nikakimbia kwa Bwana Simeon. Akaja na askari. Ndipo nikanyoosha kile kidole…

"Ulitaka kuvunja nyumba gani?" Bwana Simeon akauliza.

Nasir hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Yai."

"Nini?"

Mzee Osman akatoka, patasi mkononi. "Kitendawili, Bwana! Hawa kila mchana wakila wanategana. Huyu binti angefika mapema kidogo, angenisikia nikisema 'tega'."

Wee! Mimi niliyelelewa kwa vitendawili! Mimi ninayewategea hata kuku!

Askari akamwachia. Watu wakaangua kicheko. Nasir hakucheka.

"Kijana," Bwana Simeon akasema, "mke wa namna hii atakurudisha jela bure. Naweza kukuhamishia Kawangware, ukaishi kwa kina Kihara. Unataka?"

Nikashika tumbo. Sema hapana… sema hapana…

Nasir akamwonyesha Mzee Osman kwa kidole.

"Bwana, mzee huyu nilimwibia msumeno. Akanipa ufunguo wa karakana."

"Najua."

"Na huyu mke wangu leo ameniibia jina jema."

"Kwa hiyo?"

"Mpe kifungo cha nje. Mwaka mmoja. Mwangalizi ni mimi!"

Mzee Osman akacheka mpaka patasi ikamponyoka. Mimi nililia, na sikujua ni aibu au ni raha.

Wajukuu zangu, hakimu anaweza kumwepusha mtu na jela. Kumtoa midomoni mwa watu na kumrudisha moyoni mwa mkewe, hiyo ni kazi yetu sisi tunaokula naye. Ishmael alipotoka karakana jioni, hakuwa na hata mmoja wa kula naye.

Nasir alimaliza kifungo chake bila kosa.

Mimi? Siku ya nne tu nikamuuliza alikuwa wapi… akaniongezea miezi miwili!