Karatasi ya Kijani Juu ya Daftari la Oda

Kila asubuhi Shangazi hufungua chumba chake cha ushonaji, hufagia nyuzi za jana, kisha huweka daftari la oda kwenye meza ya kukatia. Kazi ya kulisoma ni ya binti wa kaka yake. Wanamwita Kimya, kwa sababu maneno humtoka kwa shida. Kimya husoma vipimo. Mkata vitambaa, ambaye wote humwita Mkasi, husikiliza na kukata papo hapo. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa.

Wiki ile Kimya aliruka mstari. Alisoma urefu wa mkono wa mteja mmoja, akampa mwingine. Shati la mtu mzima likatoka na mikono inayoishia juu ya viwiko. Mkasi alilivaa, akazunguka nalo chumbani, akauliza kama kuna mtoto wa shule aliyelipoteza. Wote walicheka. Kimya naye alicheka kidogo, kisha akaenda kunawa uso.

Haikuwa mara ya kwanza. Shangazi alimwambia kwamba Jumatatu wanakata sare arobaini za kwaya, na kitambaa cha akiba hakuna. Akiruka mstari tena, atarudi kushona vifungo, na daftari atapewa mwingine.

Shangazi hakuishia kutisha tu. Aliona labda mwanga hautoshi. Akamhamishia Kimya chini ya taa kali kuliko zote, akaleta na daftari jipya, jeupe pee. Mambo yakazidi kuharibika. Kimya alisoma huku amekunja uso, na kabla ya saa nne kichwa kilikuwa kikimgonga.

Ijumaa alikuja mteja kuchukua koti lake la kazi. Mama huyu hupima macho kwenye kliniki ya mtaa wa pili. Akisubiri kifungo cha mwisho, alimwona Kimya akisoma maelezo kwenye karatasi ya kaki, ile wanayochorea vipande vya nguo. Aliyasoma bila kukwama. Kisha akafunua daftari jeupe, akaanza kubabaika.

"Ukitazama ukurasa huu, mwanangu, unaona nini?" aliuliza yule mama.

Kimya alitazama sakafu. Shuleni waliwahi kumwita mvivu, naye akaacha kabla ya kumaliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaona nini.

"Mistari inatembea," alisema. "Na weupe unaniumiza."

Shangazi aliuliza mbona hakusema siku zote hizo. Kimya akajibu kwamba alidhani kila mtu huona hivyo.

Kesho yake walikwenda kliniki. Macho yalipimwa kwanza, maana maumivu ya kichwa huweza kuletwa na ugonjwa, au na kukosa miwani. Yalikuwa mazima. Ndipo yule mama akatoa karatasi za plastiki za rangi mbalimbali, zinazoruhusu maandishi kuonekana, akaziweka juu ya ukurasa moja baada ya nyingine. Ya waridi haikubadili kitu. Ya njano ilizidisha tabu. Ilipowekwa ya kijani hafifu, Kimya alisoma ukurasa mzima, akageuza na wa pili kabla hajaambiwa.

Yule mama aliwaeleza taratibu. Rangi haiponyi macho, wala haimfundishi mtu kusoma. Asiyejua herufi bado anahitaji mwalimu. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati chochote, na rangi inayomfaa mmoja si lazima imfae mwenzake. Ikiendelea kumsaidia Kimya, baadaye anaweza kuulizia miwani yenye vioo vya rangi hiyo.

"Na hiyo taa kali," aliongeza, "mwondoeni chini yake."

Shangazi alikohoa. "Hiyo ilikuwa akili yangu," alisema.

Jumatatu Kimya alikaa kando ya dirisha. Aliweka karatasi ya kijani juu ya daftari, na rula chini ya mstari. Alisoma vipimo vya watu arobaini, mmoja mmoja. Mkasi, aliyezoea kumwambia arudie, alisema hivyo mara moja tu, na siku hiyo kosa lilikuwa la kelele za cherehani.

Wiki iliyofuata wanakwaya walikuja kujaribu sare zao. Mikono yote ilifika pale inapotakiwa kufika. Shangazi alilifunga daftari, akamrudishia Kimya.

Mkasi aliomba ile karatasi. Akaiweka kwenye ukurasa, akaisogeza huku na huku, akainamisha kichwa.

"Mbona naona herufi zilezile?"

Kimya aliipokea, akaifuta vumbi la chaki kwa pindo la gauni.

"Zako zilikuwa zimetulia tangu zamani, kaka."