Ekzosi ya Miriam

Jumamosi hiyo Klara, jirani yetu wa Makole, alikuwa anaanua nguo. Mumewe, Batholomeo, anaosha pikapu yake uani, Pijo kuukuu ya petroli. Alipofika nyuma akapangusa bomba la moshi kwa kiganja, akasema neno lake lile lile: "Ekzosi hii Miriam aliinunua kwa zabibu zake za kwanza."

Miriam, mke wake wa kwanza, alikuwa na mwaka wa nne kaburini. Klara alishatoa nyumbani mapazia ya marehemu, godoro, hata sufuria. Mke mwenza aliye hai unaweza kumpasha yakaisha. Marehemu utamkamata wapi? Wivu ulimla Klara.

Batholomeo aliposafiri kwenda Mtera kikazi, Klara akamwita fundi Mustapha afunge bomba jipya. La zamani akawapa wanunua chuma chakavu. Mume aliporudi akaambiwa lilikuwa limeoza. Hakugomba.

Kuanzia hapo gari likawa linalipua moshi. Batholomeo akiwa peke yake, shwari. Klara akikaa kiti cha mbele, mume akiondoa tu mguu kwenye pedali ya mafuta wakiwa mteremkoni, paa! Cheche nyuma, watu wanageuka kutazama.

Mustapha alibadilisha plagi. Akarekebisha kabureta. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakikutoka hata kiputo kimoja.

"Kuna hewa inaingia mahali," alisema, akijilaza chini ya gari. "Shemeji, lowanisha tambara, uzibe mdomo wa bomba. Mimi nisikilize huku."

Batholomeo akawasha. Klara akaweka tambara mdomoni mwa bomba, akaziba kwa kiganja. Moshi ulisukuma, wa moto, kama kawaida ya moshi. Kisha ukaacha.

Kitu kingine kikasukuma. Kilikuwa baridi.

Kilikuwa kiganja.

Vidole vikapita katikati ya vidole vyake, juu ya tambara. Kimoja kikaigusa pete yake ya ndoa. Kikaanza kuizungusha. Taratibu.

"Miriam," Klara alinong'ona, "niachie."

"Hapo hapo, shemeji!" Mustapha alisema. "Imetulia!"

Klara alipoachiwa, pete haikuwepo. Tambara halikuwa na tundu. Mustapha alilifungua bomba lote, akalikung'uta, yakadondoka masizi tu. Kwenye kidole cha Klara pakabaki duara jeusi. Limau halikulitoa, wala majivu, wala jiwe la kusugulia miguu.

Gari halijalipua moshi tena. Batholomeo hajauliza pete iko wapi. Jumapili wageni walipokuja aliwapeleka uani, akainama, akalipangusa kwa kiganja bomba lile jipya alilonunua Klara.

"Ekzosi hii," aliwaambia, "Miriam aliinunua kwa zabibu zake za kwanza."

Klara akauficha mkono ndani ya kanga.