Mkopo Wangu Nitaulipa Mwenyewe

"Ule mkopo wako wa chuo nitaulipa wote mara moja," Obadiah alisema. "Wewe acha kazi tu, twende zetu Taveta."

Tryphena aliweka kikombe chini. Walikuwa chumbani kwake, Kaloleni, mjini Voi: yeye, mchumba wake Obadiah, na mama yake, Gertrude, aliyeteremka kutoka Wundanyi kuja kusikia habari za harusi.

"Niache ualimu kwa nini?"

"Duka linataka mtu. Mimi kila wiki niko Moshi kuleta mali. Mke wangu afundishe watoto wa watu huku duka likiibiwa?"

"Mkopo ndio ulionisomesha, Obadiah. Wanakata kidogo kwenye mshahara, na sijalala njaa."

"Kidogo kidogo mpaka lini?"

"Mpaka uishe."

"Wenzako mbona hawalipi? Wanasema ni pesa ya serikali."

"Ni pesa ya atakayesoma baada yangu."

Mama Gertrude akakohoa. "Mwanangu, mwanamume anakutua mzigo, nawe unaung'ang'ania?"

"Mama, akinilipia leo, kesho tukikosana nitasimama wapi? Kazi sina, na deni nitakuwa nalo kwake."

Obadiah alisimama. Alimpenda Tryphena kweli, tena alikuwa mkarimu, lakini biashara ya mpakani ilikuwa imemzoesha kuona kila kitu kina bei.

"Kumbe unapanga tukosane! Basi kaa na mkopo wako, Mwalimu. Ukuoe huo."

Akatoka, asimuage hata mama mkwe.

Tryphena aliendelea kufundisha. Alimkaribisha mwalimu mwenzake, Alice, wagawane kodi ya chumba. Mshahara ulipokuja umekatwa, alimtumia mama yake kidogo, akaweka kidogo posta, na kilichobaki akakitumia kwa kubana. Kuna siku alifua nguo huku akilia, Alice akajifanya haoni. Kutoka Taveta hapakuja hata salamu.

Kisha, mapema mwaka wa 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa.

Telegramu ilimfikia shuleni: "MALI IMEBAKI MOSHI. NIMEKWISHA. OBADIAH."

Jumamosi alipanda basi la Taveta. Alimkuta Obadiah ndani ya duka lililobaki rafu tupu, ndevu zimemjaa.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuona. Umekula?"

Obadiah alitikisa kichwa. Akasema akitazama sakafu:

"Zile pesa nilizotaka kukulipia hazikuwa zangu. Nilikopa kwa tajiri mmoja wa Mombasa. Zote ziko kwenye ile mali."

Tryphena akakaa juu ya gunia.

"Ungenitoa kwenye deni linalonivumilia, unitie kwenye deni lisilovumilia?"

"Nilitaka unione mwanamume."

"Na kazi ningekuwa nimeiacha! Tungekula nini leo?"

Obadiah akaanza kufuta rafu tupu kwa kiganja.

"Sasa unafanyaje?" Tryphena aliuliza.

"Nitatorokea Nairobi."

"Ukitoroka, usinitafute tena maishani. Twende kwa huyo tajiri. Mwambie ukweli. Mtajie kiasi utakachoweza kila mwezi, usitaje kikubwa ili umfurahishe. Na kila mwezi umpelekee hicho kabla hujanunua hata sukari."

"Atanifunga, Tryphena."

"Pengine. Lakini hatakutafuta kama mwizi."

Obadiah alimtazama. "Utanisaidia kulipa?"

"La. Nina mkopo wangu. Lakini sitakuacha."

Hapo ndipo Obadiah alipolia, akijifunika uso kwa mikono.

Walipofika Mombasa, yule tajiri aliwatukana mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Mwishowe alichukua pikapu ya Obadiah, akakubali salio lilipwe kila mwezi. Obadiah akafunga duka, akakodi shamba Njukini, akalima mahindi na maharagwe. Mwaka mmoja alinyimwa mvua. Akaenda tena Mombasa kumwambia tajiri mapema, akapunguziwa kwa miezi michache.

Mama Gertrude alilalamika sana. "Unazeeka ukimsubiri!"

"Sijakaa bure, Mama. Nami nalipa."

Mkopo wa Tryphena ndio uliotangulia kwisha. Obadiah alichelewa kumaliza deni lake, kisha akaja Voi siku ya soko, viatu vimejaa vumbi, akamkuta Tryphena akitoka shuleni.

"Nimemaliza," alisema. "Lakini sina kitu, Mwalimu. Ni gunia la maharagwe na nguo hizi."

"Hakuna anayekudai?"

"Hakuna."

"Basi tuma wazee wako kwa Mama. Wasichelewe, maana mimi nimechoka kungoja."

Walifunga ndoa kanisani Wundanyi, Tryphena akapata uhamisho kwenda kufundisha Taveta. Watu walinong'ona kuwa bibi harusi amepita umri na bwana harusi hana hata baiskeli. Walikuwa wakisema kweli. Wawili wale waliondoka kanisani kwa miguu, wameshikana mikono, na njiani hapakuwa na mtu waliyehitaji kumkwepa.