Moto wa Mnara

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja niliyoipenda, kukusanya simu. Nilichukua ya Mama, kisha nikashuka ngazi hadi kwa Bibi Mukankusi, aliyekaa karibu na mfereji mkubwa wa maji ya mvua, nikachukua na yake. Halafu nilizipandisha zote hadi kwenye mnara wa simu ulio juu ya mtaa wetu, hapa Kimisagara. Mlinzi wa mnara, Tonton Révérien, yaani Mjomba Révérien, alikuwa ametoa waya kutoka kibandani kwake na kuupitisha chini ya ua, nao uliishia kwenye soketi sita. Nilichomeka simu, nikaenda zangu shule, na mchana nilizikuta zimejaa.

Tuliuita moto wa mnara. Lazima nieleze neno hili, maana lilituponza. Kwa Kinyarwanda, moto wa kupikia na umeme vina jina moja, umuriro. Basi hata tunapozungumza Kiswahili chetu cha mtaani, umeme tunauita moto. Simu ikizimika tunasema moto imeisha, na hakuna anayeshangaa.

Mwanzoni zilichomekwa simu tu. Baadaye Arnaud kinyozi akaunga waya hadi saluni kwake, jirani yake akaunga friji ya juisi, mwingine televisheni, mwingine pasi. Hata Mama aliunga taa mbili. Tulijisifu kwa mitaa mingine kwamba sisi hatujui giza. Nikikumbuka majivuno yale nakasirika mpaka leo, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, na saa mbili asubuhi umeme ukakatika Kimisagara nzima. Sisi hatukujali. Mnara una betri zake za kuusaidia umeme unapokatika, na waya wetu ulinyonya hukohuko. Nilimrudishia Bibi simu yake ikiwa imejaa, kisha nikaenda saluni kwa Arnaud kutazama filamu pamoja na wenzangu. Watu walipanda na simu zao kutoka kila upande, na Tonton Révérien hakumnyima mtu.

Bibi aliihitaji simu ile siku ya mvua kuliko siku nyingine yoyote. Mukasine, kiongozi wa isibo yetu, yaani kundi la nyumba jirani zinazoangaliana, alikuwa amepatana na wakazi wote wa kando ya mfereji. Maji yakifika kwenye alama nyekundu ya daraja la mfereji angewapigia simu, nao watoke papo hapo. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Saa nane mchana filamu ilikatika katikati. Friji ya jirani ilinyamaza. Nilitazama simu ya Mama niliyokuwa nayo mkononi, nikaona mtandao umepotea. Je, tuliuliza mnara umepatwa na nini? Hata kidogo. Tulinung'unika kwa sababu ya filamu.

Muda mfupi baadaye Mukasine aliingia saluni akiwa ameloa chapachapa. Alisema maji yamepita alama, amepiga simu nyumba zote za chini akiwa darajani, ambako simu yake hushika mnara mwingine, na hakuna hata moja iliyoita. Alikuwa ametembea na kubisha hodi katika nyumba tano, na upande wa Bibi alikuwa hajaufikia. Sikusubiri amalize.

Nilimpitia Mama, tukashuka ngazi mbio. Tulimkuta Bibi amekaa kitandani, maji yamefika magotini, simu ameikumbatia kifuani. Mama alimfokea kwa nini hajatoka.

"Mukasine hajanipigia," Bibi alijibu. "Mimi nangojea simu. Simu yangu iko na moto."

Tulimshika mikono kila mmoja upande wake. Tulipofika mlangoni ukuta wa nyuma ulianguka na maji yakatusukuma hadi kwenye ngazi. Bibi aliangukia mkono wake, nikasikia mfupa ukivunjika. Mama alijaribu kuita gari la wagonjwa mara tatu, mara nne, na simu ikakaa kimya. Mwishowe Arnaud alimbeba Bibi mgongoni hadi kituo cha afya, akiteleza kwenye tope, na Bibi akilia kila hatua.

Jioni tulirudi naye mkono ukiwa umefungwa plasta. Kwenye mnara tulilikuta gari la fundi wake, Enjinia Muhire, mtu aliyekulia Tanzania na kuanza kazi huku hivi karibuni. Tayari alikuwa amewasha jenereta aliyoileta. Tonton Révérien alimkabili mbele ya majirani wote, akamuuliza kwa nini amechelewa kutwa nzima.

"Saa tatu asubuhi nilikupigia," alisema. "Nilikuambia moto imeisha ku mnara."

Enjinia Muhire alimkodolea macho. "Uliniambia moto umeisha. Nikadhani radi iliwasha kitu na mmeshakizima. Nilimshukuru Mungu, nikaenda kwenye minara mingine, mpaka nilipoona huu umezimika."

Hakuna aliyecheka. Neno moja lilikuwa limemzuia fundi siku nzima. Lakini Enjinia alikuwa na swali jingine, na alituuliza sisi sote. Betri zile zilipaswa kuubeba mnara hadi jioni. Kwa nini zilikwisha saa nane?

Tonton Révérien alisema labda zimezeeka. Arnaud alitazama viatu vyake. Mama aliniminya bega, na nilielewa alichotaka. Hapo hasira ilinipanda. Bibi alikuwa amesimama pale bila nyumba, na watu wazima waliompenda walikuwa wanameza ukweli.

"Tumezimaliza sisi," nilisema. "Kuna waya chini ya ua. Saluni imeungwa hapo, na friji, na televisheni, na pasi, na taa zetu. Mimi nimechaji hapo kila siku."

Mama aliachia bega langu. Tonton Révérien aliniita mtoto asiye na shukrani, akasema yeye alikuwa anatusaidia tu. Enjinia Muhire aliufuata waya hadi mwisho, akahesabu matawi yake yote, kisha akaukata.

"Moto huu si wa mlinzi wala wa mtaa," alisema kwa ukali. "Ni wa mtu atakayepiga simu aokolewe. Siku ya maafa, mnara ukizimika, mtaa mzima umezibwa mdomo na masikio. Na wewe, Révérien, siku nyingine niambie umeme umekatika."

Aliahidi kuomba ruhusa ya kuweka meza ya kuchajia simu yenye umeme wake mbali kabisa na betri za mnara. Mukasine naye aliagiza kila nyumba ya chini ipate filimbi, kwa siku ambayo simu zitakataa. Tonton Révérien aliinamisha kichwa, akamwomba Bibi msamaha.

Kabla Bibi hajamjibu, simu yake ilianza kulia. Mtandao ulikuwa umerudi, na ujumbe uliokwama ukawa unaingia mmoja baada ya mwingine. Alinipa, akasema, "Ihirwe, nisomee." Mukasine amekupigia. Mukasine amekupigia. Nilisoma hivyo mara kumi na moja, na majirani wakasikia zote.

Bibi aliichukua simu kwa mkono wake mzima.

"Hii ilikuwa imejaa," alituambia. "Ihirwe alinijazia asubuhi, na mlifurahi wote kuwa na moto wa bure. Leo mmeuona ulitoka wapi. Kitu cha kuokoa watu hakichezewi, na anayejua kinachezewa akinyamaza, amekichezea pia."

Mama alishuka ngazi peke yake hadi nyumbani, akazing'oa zile taa mbili.