Hodi ya Vikalio

Jumamosi ile tulikwenda Mwabungo kumjulia hali mgonjwa, mimi na mke wangu Twaiba. Tulipoaga, jua lilikuwa limekwisha kugusa vilima vya Shimba, lakini Twaiba alisema harudi Ukunda kabla ya kupaona Vikalio, mahali pa kale katika kijiji alikozaliwa bibi yake.

Naandika Vikalio kwa sababu ndilo jina lake. Nilikuwa karani wa ramani kwa miaka thelathini na moja, na katika ramani za wakoloni pameandikwa Machimbo ya Kale. Si kweli. Pale hapakuchimbwa chochote. Ni uwanja wa duara uliozama ardhini kama bakuli, umezungukwa na ngazi tisa za kukalia zilizochongwa katika mwamba wa matumbawe.

Mlinzi, jina lake Fondo, alitupokea mlangoni.

"Shikamooni. Viatu hapa, tafadhali."

"Mngoje huyo," Twaiba akasema. "Soksi zake hazivui hata kitandani."

Fondo akacheka. Mimi nilitazama chini. Katika miaka arubaini na minne ya ndoa sikuwahi kumshika mke wangu mkono mbele ya watu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofunzwa shuleni.

Tukashuka hadi katikati. Fondo akanong'ona neno, na neno likapanda ngazi zote tisa, likarudi likiwa zima.

"Wazee walikata mashauri hapa," akasema. "Na wagonjwa walichezewa ngoma za pepo. Jioni moja ngoma ilikuwa imekolea, watu wamejaa. Pale juu ikasikika hodi. Sauti ya mwanamke, ya upole. Mwenye ngoma akajibu kama ajibuvyo muungwana yeyote. Karibu."

"Akaingia?" Twaiba akauliza.

"Wakaingia, mama. Nyuma ya mwanamke yule walikuwa wanaume wenye kamba na minyororo. Hakubaki mtu. Mpaka leo, jua likizama, hodi hupigwa. Mara tatu. Isipojibiwa, huondoka. Kwa hiyo twende, wakati umefika."

Tulikuwa kwenye ngazi ya pili tuliposikia.

"Hodi..."

Juu hapakuwa na mtu.

Fondo aliweka kidole mdomoni. Ndege walikuwa wamenyamaza. Harufu ikashuka, ya kamba iliyoloa na chuma.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, aliyetoka mbali akiwa na mtoto mgongoni. Nilimtazama Twaiba. Mke wangu hajapata kumwacha mtu mlangoni. Huitikia akiwa jikoni, huitikia akiwa usingizini. Niliona midomo yake ikifunguka.

Mkono wangu uliinuka kumziba mdomo.

Fondo alikuwa akitutazama.

Mkono ukasimama.

"Hodi..."

"Karibu," akasema Twaiba.

Neno lilipanda ngazi zote. Kisha nyayo zikaanza kushuka. Nyingi. Polepole. Na katika kila ngazi kulisikika watu wakiketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikahisi pumzi zao shingoni.

Ile sauti ikauliza, karibu kabisa:

"Hapa ni kwa nani?"

 Twaiba alifungua tena kinywa, kwa kuwa mgeni akiuliza hujibiwa. Nilijua jina atakalolitaja. Lake.

Mimi sijapata kuandika neno la uongo katika karatasi yoyote. Lakini nilitangulia mbele yake, nikasema nyumba hii ni yangu, mimi ndiye niliyekaribisha. Nikataja jina langu, la baba yangu, na la babu yangu.



Kisha kitu kama shuka baridi kikanipita usoni, na ndege wakaanza kulia tena.

Huko nje Fondo alifunga kufuli, akanigeukia. 

"Umetaja jina lote, mzee?"

"Lote."

"Basi mama hakuchukuliwa."

"Na mimi?"

"Sijui. Aliyetaja lake kabla yako, nilipoanza kazi hapa sikumkuta tena."

Hayo yalitokea miezi mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila magharibi, hodi hupigwa nyumbani kwetu Ukunda. Harufu hutangulia. Twaiba husahau, au hawezi kujizuia, kwa hiyo mimi humkalisha kando yangu barazani na kumfunika mdomo kwa kiganja. Jirani yetu Hanifa ametuona, akapiga kigelegele. "Haya! Babu na bibi wameanza mapenzi uzeeni!" Sijali tena anayetazama. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kimya, na siku imepita.

Jana Hanifa alikuwa hapo, ameleta bakuli la mbaazi. Harufu ilikuja. Nikamziba Twaiba mdomo, barabara. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma meno.

Hodi ya kwanza. Ya pili.

Ya tatu.

Nyuma yetu, kutoka chumba cha ndani kisicho na mtu, sauti ya mwanamume ikajibu kwa adabu:

"Karibuni."

Twaiba aligeuka kunitazama. Hanifa pia.

Ilikuwa sauti yangu.

Asubuhi hii nimeziona alama za nyayo sakafuni, zote zikiingia. Nimezihesabu mara mbili. Hakuna iliyotoka.