Mafuta ya Tewaska

Bahari ilikuwa tupu.

Luteni Wendell Thackery aliishusha ndege chini ya mawingu, akaizungusha mara moja, akaizungusha tena. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo walipoambiwa asubuhi kwamba wataikuta manowari yao, Stony Ford, na sitaha yake ndefu ya kutua ndege, ikiwangoja. Sasa yalikuwepo mawimbi tu, na jua la Pasifiki likiwaka juu yake.

Nyuma ya rubani, kwenye kiti cha mshika bunduki, Delbert Hoag alinyoosha shingo akachungulia huku na huku. Alikuwa mtu wa mashamba ya ngano ya Kansas, ana mikono kama makoleo na ulimi usiojua kunyamaza.

"Afande, wamehamia wapi hawa?"

"Sijui."

"Hujui? Meli nzima, na watu wake, na majiko yake, inapoteaje?"

"Funga mdomo, Hoag. Carbone, wanajibu?"

Nunzio Carbone, mtu wa redio, alikuwa chini tumboni mwa ndege, paja lake amelikaza kwa mkanda wa suruali. Kipande cha chuma kilimwingia pale walipoishambulia manowari ya Wajapani na kuangusha topido yao, bomu la kupita majini. "Kimya, afande," alisema. "Nimewaita kwa adabu, nimewaita kwa matusi. Hata mkwe wangu hunijibu upesi kuliko hawa."

Mshale wa tangi la mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Thackery akaamuru kila kizito kitupwe. Hoag aliing'oa bunduki yake mwenyewe, ile aliyoipaka mafuta kila siku kama mtu anayemhudumia farasi, akaisukuma nje. Risasi zikafuata, kisha viti, kisha vyombo. Ndege ikapata uhai kidogo. Ikakohoa. Ikakohoa tena, halafu injini ikanyamaza, na kilichobaki kikawa mlio wa upepo mabawani.

"Shikeni kitu," Thackery alisema.

Waliigonga bahari kama wanaogonga ukuta. Hoag alipofumbua macho maji yalikuwa kifuani. Alimvuta Carbone kwa ukosi wa jaketi, akamtoa kwa nguvu huku mwenzake akipiga kelele ya mguu, akaikata kamba ya boti ya mpira kwa kisu. Thackery alikuwa tayari juu ya bawa, uso umelowa damu, mkono wa kushoto umening'inia. Walipokwisha kujitupa ndani ya boti, mkia wa ndege ulisimama wima kidogo, kisha ukazama bila sauti.

Walikaa wakihema. Kati yao palikuwa na kopo moja la maji, chupa ya rubani iliyojaa nusu, biskuti ngumu, unga wa dawa ya vidonda, kioo cha kupigia ishara na pipa dogo la rangi ya kumwagia baharini ili waonekane kutoka angani, ambalo lilikuwa limepasuka na kuvuja lote.

Hoag alimfunga Carbone paja, akamfunga rubani mkono kwa kipande cha mwavuli wa kurukia. Alifanya yote hayo akitukana. Aliitukana Stony Ford, akamtukana amiri wa kikosi, akawatukana mafundi, wapishi na aliyeibuni bahari. Carbone alicheka mpaka akaumia.

"Endelea, Del. Bado hujamtukana kinyozi."

"Wametuacha, Nunzio! Wametutuma, kisha wakaenda zao!"

"Hawakuwa na budi," Thackery alisema polepole.

Hoag akageuka. "Umesemaje?"

Rubani alitazama maji. "Stony Ford ilikuwa inakaribia kukaukiwa. Ilikuwa ijaze mafuta kutoka kwenye meli ya mafuta, Tewaska, tangu juzi. Amiri akaahirisha. Aliwanusa Wajapani, hakutaka kupunguza mwendo. Jana akaahirisha tena. Leo asubuhi, baada ya sisi kuruka, bila shaka ilibidi waikimbilie Tewaska au wasimame katikati ya bahari. Na sisi tulirushwa kutoka mbali mno. Nilipima kwenye ramani. Kwenda tungefika. Kurudi kulitegemea bahati."

"Ulijua."

"Nilijua. Nikamwambia mkuu wa safari. Akaniuliza kama naogopa."

"Na ukatupandisha!"

"Ningewaambia, mngekataa kupanda?"

"Nisingekataa!" Hoag alipiga kelele, mate yakimruka. "Ningebeba chupa ya pili ya maji, mshenzi wewe!"

Alikuwa amekunja ngumi. Boti iliyumba. Thackery hakuinua mkono kujikinga. Alikaa tu akimtazama, na damu ikimkauka kwenye nyusi. Carbone ndiye aliyemshika Hoag suruali.

"Ukimpiga ataanguka majini," alisema, "na wewe ndiye utakayemvua. Kaa chini."

Hoag akakaa. Tangu hapo hakumwita tena afande.

Jua liliwachoma siku baada ya siku. Midomo ilipasuka, ngozi ya shingo ikavimba na kutoa maji. Kila mmoja alipata funda moja asubuhi na funda moja jioni, na Carbone alipewa zaidi kwa sababu homa ilikuwa imempanda. Mvua ya ghafla iliwapitia mara moja. Waliitandaza turubai ya boti, wakakinga, wakanywa maji yenye ladha ya mpira, wakajaza kopo. Kisha mvua ikaenda zake, na mawimbi yaliyoifuata yakawatapisha karibu yote waliyokunywa.

Mguu wa Carbone ulianza kunuka. Hoag alifungua bandeji, akanyunyizia unga wa mwisho, akafunga tena.

"Vipi huko?" Carbone aliuliza.

"Mzuri kuliko uso wako."

"Basi nimekwisha."

Hoag ndiye aliyeanza kunusa kitu kingine. Harufu nzito, ya gereji. Akadhani ni kichwa chake. Lakini baadaye mawimbi yaliacha kupasuka, yakawa yanainuka na kushuka kwa uzito kama uji, na maji yakabadilika kuwa meusi yenye michirizi ya zambarau. Alichovya mkono. Ulitoka umevikwa lami.

"Mafuta," alisema.

Wakatazamana. Doa lile lilienea mbali, mbele na kando. Hoag alianza kucheka, kicheko kibaya kisicho na raha. "Tumeanguka kwa kukosa mafuta. Sasa tazameni! Kunyweni! Jazeni tangi!"

"Tutoke humu," Thackery alisema. "Yataingia kwenye kidonda. Shikeni makasia."

Ndipo waliposikia filimbi, nyembamba, ikikatika na kuanza tena. Mbali kidogo palikuwa na kipande cha jukwaa la mbao, na juu yake kitu cheusi kilichofanana na gunia. Gunia likainua mkono.

Hoag alilitazama kopo la maji. Alijua kilichomo, alikuwa amelitikisa asubuhi. Wanne hawagawani funda la watatu. Filimbi ikalia tena. Akatema tusi, akachukua kasia, akaanza kupiga maji kwa hasira kana kwamba bahari ndiyo iliyomtupa mtu yule hapo.

Walimvuta ndani kama samaki mkubwa. Alikuwa mtu mzima, mnene, nywele zimeungua, macho yamefungwa kwa mafuta. Alitapika weusi, akatapika tena, kisha akauliza:

"Nani nyie?"

"Wa Stony Ford," Carbone alijibu. "Ndege yetu ilianguka."

"Stony Ford." Mtu yule alipangusa mdomo. "Je, walipata hata kidogo?"

"Kidogo nini?"

"Mafuta, jamani. Tulikuwa tumewaunganisha. Mimi ni Fontenot, nilishika mpira wa mbele wa kupitishia mafuta kule Tewaska. Mafuta yalikuwa yameanza kwenda, nayasikia yanapita mikononi mwangu. Ndipo ndege za Wajapani zikatoka juani."

Alieleza kwa vipande, akikohoa. Watu wa Stony Ford waliikata mipira kwa mashoka na meli ikaondoka mbio. Tewaska ilibaki, tumbo limejaa, ikapigwa bomu la kwanza, ikapigwa la pili, na bahari yenyewe ikashika moto. Yeye alizama chini ya moto akaibukia upande wa pili. Alikuwa ameita wenzake kwa majina mpaka sauti ikakauka. Akabaki na filimbi.

"Waliwaacha na nyie," Hoag alisema.

"Wangekaa tungeungua wote. Kwa hilo siwalaumu." Fontenot aligeuza uso wake kipofu kuelekea sauti. "Ninalolaumu ni kutungojesha. Siku ya kwanza bahari ilikuwa shwari, mbingu tupu, tangi zimejaa. Tunauliza, tuje? Wanajibu, ngojeni. Siku ya pili tunauliza, wanajibu, ngojeni. Tumekaa pale kama kuku aliyefungwa mguu, mpaka wenye kisu wakatuona. Meli ya mafuta haikai mahali pamoja, kijana. Hata mjinga anajua. Nilikuwa na rafiki zangu mle."

Thackery aliinamisha kichwa.

Hasira ambayo Hoag alikuwa akiimwaga huku na huku ilikuwa imepata mahali pa kusimama. Alichukua kopo, akapima funda lake la jioni katika kifuniko, akararua kitambaa cha shati lake la ndani.

"Fumbua macho, mzee."

"Maji hayo ni ya kunywa?"

"Ni yangu. Fumbua."

Alimsafisha taratibu, kope baada ya kope, kwa mikono yake ile mikubwa. Macho yalikuwa mekundu kama nyama, lakini yalimwona.

"Una sura mbaya," Fontenot alisema.

"Aliniambia mimi hivyohivyo," Carbone alisema kwa sauti iliyokuwa mbali.

Wakabishana. Thackery alitaka wapandishe turubai na kufuata upepo. Kulikuwa na visiwa upande wa kusini, na kila saa ndani ya mafuta ilikuwa inammaliza Carbone. Fontenot akakataa. Boti ya mpira, alisema, kutoka juu ni punje ya mchele. Lakini doa hili linaonekana kutoka mbali kama shamba lililoungua, na mtu atatumwa kulitazama, kwa sababu amiri hukosa haya lakini hakosi kutaka kujua meli yake iko wapi.

"Na asipotumwa mtu?" Thackery aliuliza.

"Basi tutakufa hapa badala ya kufia pale."

Wote wakamtazama Hoag. Hoag akamtazama Carbone.

"Usiniulize mimi," Carbone alinong'ona. "Mimi ni abiria."

"Tunakaa," Hoag alisema.

Walikaa. Mvuke wa mafuta uliwaumiza kichwa, ngozi ikawasha kama imemwagiwa pilipili. Papa hawakuja, hata papa hawakuitaka bahari ile. Katika homa yake Carbone aliongea na mkewe, akamwagiza samaki wa kukaanga, akamkaripia kwa kuzidisha chumvi. Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, alimwita Hoag kwa akili timamu.

"Del. Usije ukawaacha waseme nilikufa vizuri."

"Hufi, mpumbavu wewe."

"Mguu unanuka kama soko la samaki la kwetu Providence. Nimechoka." Akatabasamu kwa meno yaliyopakwa mafuta. "Watukane kwa niaba yangu. Wewe ndiye bingwa."

Hakusema tena. Hoag alimpakata mpaka mwili ulipopoa. Thackery alijaribu kusoma sala, maneno yakamkwama. Fontenot akaimalizia kwa Kifaransa cha nyumbani kwao Louisiana. Walimshusha kandokando. Mafuta yalimfunika polepole, hayakutaka kumpokea, na Hoag ilimbidi amsukume kwa mkono wake mwenyewe ili azame. Ndipo alipopiga kelele. Hazikuwa matusi tena, wala hazikuwa neno.

Ndege ya majini iliwakuta siku iliyofuata. Ilikuja ikifuata ukingo wa doa, chini chini, na Thackery akaipigia kioo kwa mkono wake mzima mpaka ikainamisha bawa. Hakuna aliyeshangilia. Fontenot alilia tu, na machozi yakamchorea mistari miwili safi usoni.

Katika hospitali ya kisiwani aliwajia ofisa kutoka kwa amiri, suruali imenyooshwa, ana sauti ya upole. Alisema taifa linawashukuru. Alisema hali ya vita haikuruhusu vinginevyo. Kisha akasema kwamba familia ya Carbone itaarifiwa kuwa alikufa kishujaa papo hapo, bila maumivu.

Hoag aliinuka kitandani na bandeji zake.

"Alikufa kwa mguu uliooza," alisema. "Alikufa katikati ya mafuta ambayo yangetosha kumrudisha nyumbani na kumleta tena. Mlikuwa nayo siku mbili nzima mkayachezea. Yaandike hayo."

"Kijana, umechoka. Pumzika."

"Yaandike!"

Ofisa akamtazama Thackery, kama mkubwa anavyomtazama mkubwa mwenzake, akingoja msaada. Thackery alikuwa ameketi pembeni, mkono umefungwa plasta. Alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Andika alivyosema," alisema. "Na uandike kwamba nilijua, nikaambiwa naogopa, nikanyamaza. Nitatia sahihi. Usipoandika wewe, nitakwenda kuyasema mbele ya kila rubani wa kikosi hiki, mmoja mmoja."

Ofisa alifunga mkoba wake akatoka. Thackery hakurushwa tena. Walimpa dawati katika bandari isiyo na vita. Kabla hajaondoka alikuja kumuaga Hoag. Walisimama wakitazamana.

"Safari njema, afande," Hoag alisema hatimaye.

Hoag mwenyewe walimpa nafasi ya kurudi kwenye ndege. Akakataa, akaomba meli ya mafuta, ileile aliyopangiwa Fontenot. Karani alidhani amesikia vibaya. Hakuna aliyeacha mabawa kwenda kuchafuka na mipira ya mafuta. Alirudia ombi, na kwa kuwa meli hizo zilikosa watu kila siku, alikubaliwa.

Miezi baadaye, siku yenye upepo, manowari kubwa ya ndege ilijisogeza ubavuni mwa meli yao mpya. Bahari ilichemka katikati ya meli hizo mbili. Fontenot, macho yake yakiwa bado yanachuruzika kwenye mwanga, alirusha kamba; Hoag akauvuta mpira, akaufunga, akaupiga teke kuhakikisha. Kutoka juu, kwenye sitaha ya ndege, ofisa mmoja aliwapigia kelele kwa kipaza sauti kwamba wafanye haraka, tangi nusu zinatosha, amiri ana miadi na adui.

"Mwambie amiri angoje!" Hoag alinguruma. Hakuhitaji kipaza sauti. "Hatuuchomoi mpira mpaka tangi zijae! Pana watu wanategemea kurudi!"

Kule juu marubani waliokuwa wakiota jua wakacheka, mmoja akampungia kofia. Hoag hakujibu. Aliuweka mkono wake juu ya mpira, akayasikia mafuta yakipita chini ya kiganja, mazito, yenye joto, na akasimama hapo na upepo ukimpiga usoni mpaka yalipokwisha kupita.